Land Rover 109 yenye V8 na jua la Dodoma: tuongelee mlima Saranda na magari ya zamani yanayochemsha

#1 Mleta uzi

Mbukwenyi wakuu,

Uzi ni mrefu, ila mwenye gari ya zamani kuanzia hapa Dodoma mpaka Bahi, Manyoni na Singida naomba avumilie asome yote. Haya niliyoandika nimeyalipia kwa pesa, na mjomba wangu ameyalipia kwa ngozi ya mkono wake.

Gari ni Land Rover 109 Series III ya mzee wangu. Kiwandani ilitoka na injini ya petroli ya silinda nne, cc 2286. Miaka ya nyuma mzee alipata V8, injini ya silinda nane, ya cc 3528 kutoka kwenye Range Rover iliyokufa bodi, akaipandisha humo. Wamarekani wana jina la gari ya namna hii, kuukuu iliyovuliwa injini yake ikapewa kubwa zaidi: wanaiita hotirodi. Nyumbani kwetu iliitwa "ile ya V8" basi, na mlio wake ukisikika upande wa Nala mama alikuwa anabandika chai, anajua baba yuko njiani.

Sasa mzee macho yamepungua, amenikabidhi funguo, na ugonjwa nao nikakabidhiwa: inachemsha. Mwezi wa sita na wa saba, na ile baridi ya asubuhi, haina neno. Ikifika Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka, foleni ya Jamatini peke yake inatosha kulaza mshale wa geji ya joto.

Nilipita gereji tatu. Ya kwanza walitoa themostati, kile kilango kinachofunguka maji ya injini yakipata moto, wakaitupa. Ya pili wakanifungia feni ya umeme mbele ya rejeta. Ya tatu wakasema injini imezeeka, nitafute ya kisasa. Hakuna hata mmoja aliyeifungua rejeta akatazama ndani. Nayasema kwa uchungu kwa sababu injini yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Novemba iliyopita tukapata msiba Manyoni. Ukitoka Dodoma kwenda Bahi unashuka taratibu, joto linaongezeka, na ukishapita Kintinku unakutana na ukingo wa Bonde la Ufa, ndio mlima Saranda. Tulikuwa watu saba na magunia mawili ya mchele tuliyopakia Bahi. Gia ya pili, mwendo wa 30. Mshale ukaingia kwenye nyekundu, nikaweka gari pembeni nikazima. Wakati naokota jiwe la kuzuia tairi, mjomba akafungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akakizungusha.

Ule ukelele sijausahau. Maji yalimpata kuanzia kiganja cha kulia mpaka kiwiko. Kijana mmoja wa bodaboda akakimbilia kuleta dawa ya meno. Mama aliyekuwa anauza asali pembeni ya barabara akamkatalia, akachukua dumu lake la maji ya kunywa akawa anamimina kwenye ule mkono polepole, likiisha anaita lingine, kama dakika 20 hivi. Daktari alituambia baadaye kwamba yale maji ndiyo yaliyookoa ngozi. Mjomba amepona. Kovu lipo.

Nikarudi na gari juu ya lori, nikaamua sitapeleka tena popote mpaka nielewe mwenyewe joto linakwama wapi.

Nilianza na kifuniko. Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, na maji hayasubiri nyuzi 100 ndipo yachemke. Nilijaribu jikoni kwa sufuria na kipimajoto: yanachemka kwenye 96 hivi na hayapandi tena hata uongeze moto. Injini ya namna hii ikifanya kazi yake ya kawaida maji yako 85 mpaka 95. Kwa hiyo kama kifuniko hakibani, umebakiwa na nyuzi moja tu mkononi. Kikibana, maji yanakaa chini ya shinikizo, na kila paundi moja ya shinikizo inasogeza mbele kuchemka kwa nyuzi moja na nusu hivi. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, yaani bar 0.9, ambacho ni kama paundi 13, kinakufikisha karibu nyuzi 115 hapa hapa Dodoma. Na ndiyo hatari yenyewe: maji yaliyotulia kwenye 110, ukiyafungulia ghafla, yanageuka mvuke papo hapo. Maji yaliyomrukia mjomba yalikuwa yanachemka tayari.

Kifuniko changu kilikuwa kipya kabisa. Kosa lake lilikuwa urefu. Shingo za rejeta nyingi za zamani ni ndefu, na vifuniko vinavyojaa madukani ni vya magari ya Kijapani, vifupi. Kinaingia, kinazunguka, kinakaa vizuri kwa macho, lakini raba ya chini haigusi kitako. Nilipaka masizi kwenye raba nikafunga, nilipofungua masizi yalikuwa vile vile, hayakuacha alama yoyote kwenye kitako. Muda wote ule nilikuwa naendesha sufuria isiyo na mfuniko.

Halafu rejeta. Petroli unayochoma, kama robo tu ndiyo inasukuma gari. Kinachobaki ni joto, sehemu inatoka na moshi, sehemu inaingia kwenye maji. Injini ilikua, rejeta ikabaki ile ile ya silinda nne. Kiwanda chenyewe kilipotia V8 hii kwenye 109 mwaka 1979 kilisogeza uso wa gari mbele ili mambo yakae, ndiyo maana zile pua zake zimenyooka sawa na madigadi. Sisi tuliopandisha wenyewe tulisahau sehemu hiyo.

Nikaipeleka kwa fundi wa rejeta Kizota. Hizi za zamani ni shaba na zimeungwa kwa risasi, kwa hiyo zinafunguka. Akawasha moto, risasi ikayeyuka, akang'oa tangi la juu, akaniita nichungulie. Midomo ya mirija ilikuwa myeupe kama meno. Tulihesabu safu moja kuanzia kushoto: katika kila mirija mitano, miwili imeziba kabisa. Akachukua waya bapa, akausukuma ndani ya mrija mmoja mmoja, na kila ukitoka chini unamwaga unga mweupe uliochanganyika na kutu. Unga huo ni maji yetu. Anayechemsha maji ya bomba kwa birika hapa mjini ameshauona ule ukoko. Mimi nilikuwa najaza maji hayo hayo kwenye rejeta kila wiki.

Mirija mingine ilishaoza, ikabidi aniundie kati mpya, ile sehemu ya mirija, yenye safu moja zaidi, matangi yangu ya zamani yakabaki.

Tatu, feni. Nilitoa ile ya umeme ya mbele, maana ikiwa imezimwa inaziba hewa, na ilikuwa imezimika siku nyingi, waya umekatika. Feni ya injini ilikuwa nzima ila haina kava, na bila kava inavuta hewa ya pale ilipo tu, nyingine inazunguka pembeni ikirudi ile ile ya moto. Nikaenda kwa fundi bati wa Majengo, wale wanaotengeneza majiko na ndoo za kumwagilia. Nilimchorea kwenye boksi, akakata bati, akakunja, akaniwekea mdomo wa duara. Tulifunga hivi: nusu ya upana wa panga la feni iwe ndani ya ule mdomo, nusu iwe nje, na kutoka ncha ya panga mpaka bati kuwe na nafasi ya kidole gumba. Ukiwasha sasa na kuweka gazeti mbele ya rejeta, gazeti linang'ang'ania kona zote nne. Zamani lilishika katikati tu.

Themostati nimerudisha, ya nyuzi 82. Na maji nimeacha ya bomba. Nimeweka maji ya betri pamoja na kulanti, ile dawa ya rejeta, kulanti kama theluthi moja. Huku hakuna barafu, maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, kwa hiyo hakuna haja ya nusu kwa nusu. Lakini V8 hii ni aluminiamu bloku mpaka hedi (kile kichwa cha juu cha injini), inatokana na injini ya Buick ya mwaka 1961 ambayo Rover walinunua haki zake 1965, na aluminiamu ikikaa kwenye maji yasiyo na dawa inaliwa kimya kimya.

Saranda sijapanda tena. Naomba wanaojua zaidi waongeze kabla sijaenda.

#2 Series_2286

Ahsante mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Mpe pole mjomba.

Naongeza kitu kwa wenye Series III. Kabla hujaingia gharama, hakikisha mshale unasema kweli. Nyuma ya dashibodi kuna kidhibiti kidogo cha umeme kinachotoa volti 10 kwa geji ya mafuta na ya joto pamoja. Kikiharibika, au waya wake wa bodi ukilegea, geji zote mbili zinapanda. Dalili yake ni rahisi: joto likionekana kubwa na wakati huo huo tangi linaonekana limejaa kuliko ulivyoweka, shida ni umeme. Mimi nilibadilisha pampu ya maji nzima bure.

#3 Mzee_wa_Tipa

Vijana, mimi nimeendesha tangu barabara ya Dodoma kwenda Iringa ni vumbi tupu. Bedford, Leyland, Land Rover, zote nilizitoa themostati na zilinifikisha. Nchi yetu ni ya joto, hicho kidude ni cha Ulaya kwenye baridi. Maji yakizunguka bila kizuizi, injini inapoa. Mengine ni kuwapa watu wa maduka hela.

#4 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Sikupingi kwenye uzoefu, ila naomba nieleze nilichokiona kwenye gari hii.

Kazi ya themostati ni mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, injini ipate joto mapema. Na hiyo hata Dodoma tunaihitaji: injini ikitembea kwenye nyuzi 60 petroli haigeuki mvuke vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, inateremka mpaka chini, oili inakuwa tope. Asubuhi ya Julai hapa tunaamka na nyuzi 14 au 15, siyo jangwa lile watu wa pwani wanalofikiria.

Ya pili ndiyo iliyonigharimu. Injini nyingi za zamani zina njia ya mkato, maji yanatoka kwenye hedi yanarudi kwenye pampu bila kupita rejeta. Baadhi zina themostati ambayo ikifunguka inaiziba ile njia. Ukiitoa, njia inabaki wazi, na maji kama mtu yeyote yanafuata pepesi: sehemu yanakwenda kupoa, sehemu yanarudi injini yakiwa ya moto vile vile. Kwenye tambarare hutajua. Kwenye mlima utajua. Halafu kizuizi kile kinasaidia pampu kujenga shinikizo ndani ya bloku, mvuke usijikusanye karibu na vichwa vya silinda.

Kuna wanaosema maji yakienda mbio hayapati muda wa kupoa. Hilo siyo kweli, kasi inasaidia joto kuhama. Tatizo ni njia yanayopita.

#5 Mzee_wa_Tipa

Marahaba mwanangu. Hiyo ya njia ya mkato umenifungua, kwenye Bedford yangu tulikuwa tunaikunja ile hosi ndogo na kuifunga kwa waya, sikuwahi kujua kwa nini inasaidia. Baba yetu wa gereji alituambia tu tufunge.

Basi na mimi nikupe moja. Themostati mpya usiifunge kabla hujaichemsha. Itie kwenye sufuria imening'inia kwa uzi isiguse chini, weka na kipimajoto, tazama inafunguka kwenye ngapi. Nimeshakuta mpya dukani isiyofunguka kabisa. Na kama haina kitundu pembeni, toboa kimoja kidogo, milimita 3 zinatosha, na ukifunga kitundu kikae juu kabisa. Hewa iliyonaswa inapita hapo. Gari nyingi zinachemsha siku ya kwanza baada ya matengenezo kwa sababu ya hewa tu. Jaza taratibu, pua ya gari iwe imepanda kwenye tuta, hita ifunguliwe.

#6 Dada_wa_504

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina Peugeot 504 pikapu ya marehemu mume wangu, napeleka nayo mbogamboga soko la Majengo. Barabarani kutoka Hombolo haina shida hata kidogo, nikifika mjini nikasimama dakika kumi inaanza. Rejeta nimeosha, maji siyo ya bomba, kifuniko kipya. Nimeambiwa gasketi ya silinda hedi. Nifungue?

#7 Fundi_Rejeta_Kizota

Dada usifungue hedi kwanza. Sikiliza gari inachokwambia. Inayochemsha ikiwa imesimama na kupoa ikitembea, inakosa hewa. Ukiwa na mwendo wa 60 upepo wa barabarani unafanya kazi yote, ukisimama inabaki feni peke yake. Inayochemsha kwenye mwendo na mlimani ndiyo ya kutafuta rejeta iliyoziba, mkanda unaoteleza, au mpira wa chini unaojikunja.

Sasa 504 yako ina feni tofauti na za wengine. Haizunguki muda wote na injini, inashikwa kwa sumaku ya umeme maji yakipata moto, na umeme unaifikia kupitia kaboni ndogo inayosugua, kama ya stata. Kaboni ikiisha, feni inazunguka kivivu tu kwa kufuatishwa, ukiitazama unadhani inafanya kazi. Fanya hivi: iache isimame mpaka mshale upande, fungua boneti, sikiliza. Ikishika utasikia mlio umebadilika ghafla na upepo unakupiga. Usiposikia kitu, angalia fyuzi, swichi iliyoko kwenye rejeta, halafu kaboni. Mikono na mtandio viwe mbali.

Gasketi ina dalili zake: mpira wa juu unakuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini ya baridi, mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta, maji yanapungua bila kuvuja popote, moshi mweupe wa harufu tamu kama umeweka kulanti.

#8 Dada_wa_504

Kaboni! Imebaki kama punje ya mtama. Fundi wa kutengeneza stata hapa Sabasaba amenisugulia nyingine mpaka ikaingia. Leo nimesimama sokoni nusu saa injini inawaka, feni ikashika yenyewe mara tatu. Mungu akubariki sana.

#9 Lori_la_Singida

Mleta uzi, umetaja kila kitu isipokuwa upepo. Miezi mingi huku kwetu upepo unatoka mashariki. Ukitoka Dodoma kwenda Manyoni unakusukuma mgongoni. Wewe uko gia ya pili mwendo wa 30, nyuma yako upepo wa 25, rejeta inapata hewa ya mtu anayetembea kwa miguu. Sisi wa malori tunaijua sana hiyo, mlima ule ule ukiupanda saa kumi na mbili asubuhi upepo umelala hauna neno, ukiupanda saa nane mchana unapika.

Kwa hiyo tatizo lako la mlimani lilikuwa pia tatizo la feni, kama la dada wa 504. Panda kwa gia ndogo na injini izunguke vizuri, usiilazimishe gia kubwa huku inakoroma. Mzunguko ndio unaoendesha pampu na feni.

#10 Mleta uzi

Mkuu hili limeniingia. Mimi nilikuwa najitahidi kuiweka injini chini isipige kelele nikidhani naihurumia. Kumbe nilikuwa naipunguzia maji na hewa kwa pamoja.

#11 Msafiri_wa_Mtera

Yangu haichemshi maji kabisa. Toyota Land Cruiser FJ40 ya petroli. Nikimaliza kupanda mlima Nyang'oro nikasimama kununua kitu, nikirudi haiwaki. Nikisubiri saa nzima inawaka kama haikuwa na shida. Rejeta nimeshabadilisha.

#12 Fundi_Rejeta_Kizota

Hiyo ni petroli kuchemka kwenye kabureta na kwenye paipu. Ukizima injini pampu ya maji inasimama, feni inasimama, joto lote lililoko kwenye chuma linapanda juu. Dakika kumi au kumi na tano baada ya kuzima boneti ndani ni moto kuliko ulipokuwa unaendesha. Petroli inaanza kutoa mvuke mapema sana kuliko maji, pampu inabaki inavuta mvuke.

Ukimaliza mlima usizime hapo hapo, iache ipumue dakika mbili. Ukisimama fungua boneti. Angalia paipu ya petroli isipite karibu na eksozi, ikipita isogeze. Weka ile karatasi nene ya kuzuia joto chini ya kabureta. Ikikukuta njiani, kitambaa kibichi juu ya pampu ya petroli. Maji ya baridi usimwagie bloku wala eksozi, chuma kitapasuka.

Na wote tazameni taimingi, yaani wakati cheche inapowasha petroli. Moto ukichelewa, petroli inaungua huku inatoka, joto linaishia kwenye hedi na eksozi. Nimeona magari yamebadilishwa rejeta mara mbili na kosa ni kipaipu chembamba cha vakyumu kwenye distributa kimechomoka, au kimezibwa na fundi aliyeona hakina kazi.

#13 Kijana_wa_UDOM

Nauliza kwa kujifunza: hao Wamarekani wenye hotirodi walifanyaje, maana kwao kuna majangwa?

#14 Mleta uzi

Walihangaika kama sisi. Injini waliyoipenda mwanzo ilikuwa Ford V8 iliyotoka 1932, bei nafuu, yenye vali pembeni. Moshi wake ulipita katikati ya bloku kabla ya kutoka nje, kwa hiyo maji yalikuwa yanapashwa joto na silinda pamoja na eksozi. Ilikuwa na pampu mbili za maji na bado ilichemsha. Vijana wa California walikuwa wanakwenda kushindana kwenye mabwawa makavu ya jangwani kama Muroc, ardhi nyeupe iliyopasuka, ukiona picha zake utafikiri ni Bahi mwezi wa kumi. Kwa mtu wa barabarani, dawa yao ni hizi hizi: rejeta inayolingana na injini, kava la feni, kifuniko kinachobana.

#15 Series_2286

Mpira wa chini ameutaja fundi kwa kupita tu. Ndani ya mpira ule kuna springi. Springi ikioza, au ukinunua mpira usio nayo, pampu ikivuta kwa nguvu mpira unanyonyeka kama mrija wa juisi na maji yanakatika. Ukisimama unarudi ulivyokuwa, hutaona kitu. Mwambie mtu akanyage mafuta gari imesimama na ya moto, wewe tazama mpira.

Na jingine: rejeta isiyo na chupa ya akiba usiijaze mpaka mdomoni. Maji yakipata moto yanapanuka, yanatema ziada, kesho unajaza tena, unasema gari inakula maji. Acha vidole viwili, au funga chupa.

#16 Dada_wa_504

Na wale vijana wa kuosha magari wasiachiwe rejeta. Walinipiga ile pampu ya nguvu, vile vibati vyembamba vya katikati vikalala vyote. Nimekaa jioni mbili na kisu cha siagi navinyoosha kimoja kimoja. Mbegu za majani na panzi vilitoka kopo zima.

#17 Mleta uzi

Mrejesho, wakuu.

Jumamosi tumekwenda Manyoni, arobaini ya yule ndugu ilishapita ila kulikuwa na kikao cha ukoo. Watu saba tena. Mjomba aliomba akae mbele. Nilikuwa nimefunga geji yenye namba, achana na ile ya rangi, na nimebadilisha mpira wa chini, wa zamani springi yake ilikuwa imebaki kutu.

Dodoma mpaka Bahi, 84. Kintinku saa saba mchana, nje nyuzi 34, geji 87. Chini ya Saranda nikaingia gia ya pili mapema kama alivyosema mkuu wa lori, injini ikiwa inaimba. Upepo ulikuwa nyuma, nauona kwenye vumbi linalotutangulia. Mjomba alikuwa anasoma namba kwa sauti: 89, 91, 92, 94. Ikakaa 94 muda mrefu. Karibu na juu 96, nyuzi zile zile zilizochemsha sufuria yangu jikoni, na hakuna tone lililotoka. Tulipofika tambarare ikarudi 88 kabla hata sijabadili gia ya mwisho.

Nikaweka gari pembeni, pale pale alipokuwa yule mama wa asali. Niliiacha injini ipumue dakika mbili ndipo nikazima. Mjomba alishuka, akazunguka mbele, akaweka mkono wake wenye kovu juu ya boneti akausikilizia. Hakuifungua. Kisha akavuka barabara kwenda kumtafuta yule mama, akarudi na madumu mawili ya lita tano.

Mzee nimempigia simu kutoka pale pale, akaniambia nimshikie simu karibu na injini nikiwasha.